Bundi wa Nyuma ya Medali

Mimi ni sonara wa mtaa wa Murara, na kusema kweli nimechoka. Macho yamechoka, mgongo umechoka, hata tupa zangu zimekuwa butu. Nilikuwa nimechoka hivi hivi siku alipoingia mama mmoja mjane wa parokia yetu, akafungua kitambaa na kunionyesha medali ya fedha. Mwanawe wa pekee alikuwa amemtumia kutoka Ugiriki, alikofika baada ya safari ya mashaka. Huko Wagiriki huuza mapambo yaliyoigwa kutoka sarafu zao za kale.

Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mwanamke mwenye kofia ya vita. Mama alikwisha kumpa padri aibariki, akiamini ni Bikira Maria. Mimi nilisoma kidogo. Nilijua ni mungu wa kike wa Wagiriki. Nimnyang'anye mjane Bikira wake ili nipate nini?

Tatizo lilikuwa upande wa pili: bundi, ametukodolea macho.

"Papa, unifunikie ile ndege," akaniambia. "Bamama ba chorale, bale banaimba ku misa, bakiiona, batasema niko mulozi, naroga batu. Lakini usiiharibu. Mutoto wangu ndiye aliichagua."

Nikamwahidi kulehemu bamba jembamba la fedha juu yake. Kazi hiyo hutaka moto mpole na uvumilivu, na wiki hiyo sikuwa na uvumilivu hata kidogo. Nikashika tupa, nikamkwangua bundi: macho, mbawa, herufi za Kigiriki kando yake. Chini ya makucha kulikuwa na mikwaruzo midogo. Nikadhani ni ya sonara mzembe mwenzangu. Nikasugua kwa msasa mpaka pakang'aa. Mama aliona nyuma laini, akaamini ni bamba, akanishukuru kwa mikono miwili. Nami nikazipokea shukrani zake bila aibu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja akarudi, medali mkononi.

"Papa, toa ule mufuniko. Mutoto alinitumia sauti ku telefone: mama, angalia chini ya ndege, nilikuandikia kitu. Tangu siku ile simu yake haipite tena."

"Hakusema ni kitu gani?"

"Hapana. Alisema nitasoma mwenyewe."

Nilitafuta uongo wa pili, nikakosa hata nguvu ya kusema uongo. Nikamwambia yote. Laiti angenitukana! Aliketi tu kwenye kigoda changu, akipitisha kidole gumba pale nyuma palipo laini.

"Basi wewe tu ndiye ulikiona," akasema. "Ukumbuke, papa. Aliandika nini?"

Sasa kila Jumapili baada ya misa hunisubiri mlangoni mwa kanisa, medali kifuani, Bikira wake mbele. Haniulizi tena kwa mdomo. Nami natikisa kichwa, kwa maana nakumbuka macho ya yule bundi, na makucha yake, hata manyoya, lakini ile mikwaruzo sikuitazama.