Siku Niliyotumwa Butembo Kutafuta Fanfari

Kaka yangu alichukuliwa na wenye bunduki akivuna kakao shambani kwake, upande wa Mabalako. Baada ya miaka miwili baba alichoka kungoja, akanituma Butembo kutafuta fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, ya kupiga kwenye kilio. Mama alikataa hata kuniaga. Nami, niseme ukweli, nilikuwa bado sijakubali kwamba kaka amekufa. Tangu Beni nilimnunia dereva, maskini, ambaye hakunikosea chochote.

Nilishuka nikaingia restora moja karibu na soko. Msichana wa pale alikuwa mchangamfu hadi akanikera.

"Mama, karibu! Juu ya nini unanuna? Kula kwanza, utanuna nyuma!"

Akaniletea fufu na sombe ya majani ya muhogo, akaongeza kipande cha samaki ambacho sikukiomba. Nikajikuta nacheka. Nilipomuuliza habari za fanfari, akaita wanaume wanne wa meza ya pili. Ndio hao hao, wanakula na tarumbeta mapajani.

"Ni harusi ao kilio?" akauliza mpiga ngoma.

Ulimi wangu huu! Nikasema, "Harusi."

"Eh, vizuri! Bwana harusi jina yake nani?"

Nikataja jina la kaka. Weye, nililitaja! Papo hapo akaanza kupiga meza kwa vidole, akiimba lile jina. Wenzake wakaitikia, msichana akapiga vigelegele na sahani mkononi. Nyumbani jina hilo tulikuwa tunalinong'ona tu, mama asisikie. Pale waliliimba kwa nguvu zote, na mimi, mjinga, nikapiga makofi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

"Na bibi harusi, jina yake?"

Bibi ya kaka alikuwa Beni na watoto watatu, akingoja tumwambie yeye ni mjane au la. Nikalia pale pale mbele ya chakula changu.

"Hapana harusi," nikasema. "Ni kilio."

Msichana akaweka sahani chini, akanishika bega. Mpiga tarumbeta, mtu mzima, akauliza taratibu, "Pole, mama. Donc, basi, maiti tutaipokea wapi?"

"Maiti hapana. Walimuchukua ku shamba."

Hakuuliza zaidi; kwetu hakuna asiyeelewa. Akatoa kalamu, akaniomba nitaje jina tena ili aliandike. Nikataja, safari hii nikitanguliza "marehemu", na yeye akaandika yote mawili.