Nesi wa Dirishani

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua pale Soweto, Mbeya, mwanangu. Nimesimama nje ya mlango wa chumba cha baba mkwe wangu, bakuli la uji mkononi, na uji unapoa. Ndani namsikia anahema. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimewaogesha na kuwalisha wazee wa watu huko Uingereza mpaka nikazoea harufu zao zote, lakini mlango ule sikuwa na ruhusa ya kuusukuma.

Ngoja kwanza nikwambie mimi ni nani, maana vijana wa siku hizi mnaniona na mkongojo wangu mnadhani nilizaliwa nao. Nilizaliwa Kalenga, kule Iringa, kwenye nyumba ya wakulima. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilisoma kwa nyanya na vitunguu nilivyouza Ipogolo, kando ya barabara kuu. Basi likisimama, nakimbilia dirishani na kapu kichwani, na kabla dereva hajakanyaga mafuta nimeshauza. Nikapata stashahada ya uuguzi, nikaolewa na Gwakisa, Mnyakyusa wa Rungwe, nikapanda ndege, nikafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikarudi na kujenga nyumba yenye bati la rangi kabla jirani yeyote hajaweka la rangi. Nayasema haya bila aibu. Aliyepanda mlima ana haki ya kuusimulia.

Sasa baba yake Gwakisa akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, maneno yakabaki nusu. Kule Rungwe alikuwa peke yake, mama mkwe alishatangulia, kwa hiyo tukamleta kwetu. Watu walisema, mzee huyu ana bahati, amepata nyumba ya nesi. Nami niliamini hivyo.

Lakini kwa Wanyakyusa wa rika lake, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe unaingia shambani mpaka apite. Jina lake hulitamki. Chumba alichomo huingii, naye anakukwepa vilevile, na kukwepana huko ndiyo heshima yenyewe. Wifi zangu walinifundisha nikiwa bibi harusi, nami Mhehe nikaushika mwiko ule vizuri kuliko wasichana wao wenyewe. Wifi mkubwa alinisifu mbele za watu. Wajukuu wa mzee wameuacha, na hakuna anayewalaumu. Mzee mwenyewe hakuuacha, hata ulimi ulipomwacha.

Gwakisa akiwa nyumbani alimwogesha baba yake mwenyewe. Lakini Gwakisa alikuwa dereva wa lori, leo Tunduma, kesho yuko ng'ambo ya mpaka. Tulimwajiri kijana wa kumhudumia, akaondoka. Tukaajiri mwingine, naye akaondoka. Nikawa naweka chakula kwenye kigoda mlangoni, nagonga, natoka uani ili ajivute achukue. Siku za mwanzo bakuli lilirudi tupu. Kisha likaanza kurudi nusu. Kisha likawa linarudi kama lilivyokwenda.

Hapo ndipo ilipofika asubuhi ile ya mvua. Mama Sekela, jirani yangu, alikuwa amejikunyata jikoni kwangu akiota moto, akaniona nimeganda na uji wangu.

"Wee Mama Lusajo, mwiko wa Wanyakyusa unakuhusu nini wewe? Ingia, mwogeshe, mlishe, yaishe! Atakufa na mwiko wake humo ndani."

Nikasukuma mlango.

Mwanangu, yule mzee aliponiona hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa mkono wake mzima, halafu akataka kuondoka. Elewa vizuri hapo. Mtu ambaye nusu ya mwili haimsikii alitaka kuinuka kitandani atoke chumbani, ili mimi nisikutwe nimesimama naye mahali pamoja. Alikuwa ananilinda mimi. Akaanguka chini kama gunia, na pale chini akageuzia uso ukutani.

Nilitoka mbio mpaka barabarani, kanga imelowa, naita watu. Aliyenisikia kwanza ni Mzee Hamadi, mwenye duka la nguo mkabala na sisi. Babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara, na yeye Mbeya ndiyo kwao. Akaja na wateja wake wawili, wakamnyanyua mzee, wakamrudisha kitandani. Mungu mkubwa, hakuvunjika. Mzee Hamadi akatoka akinifuta machozi kwa maneno.

"Mama Lusajo, tuna kikundi chetu cha wazee. Kila Alhamisi tunakutana kwenye kibaraza cha ofisi ya kata. Asiyeonekana, tunamfuata kwake. Kesho nitakuja nao."

Nikamjibu kwa kiburi kidogo, nikiri. "Ahsante, Mzee Hamadi, lakini nyumba yangu haijakosa kitu. Mimi kazi hii nimeisomea."

"Sikuulizi kuhusu wewe," akasema, anakung'uta kofia yake maji. "Naulizia mwenzangu."

Kesho yake wakaja. Wazee wanne, makoti makubwa, mabuti ya mvua, wanabishana tangu getini. Mbele yao alikuwa Mzee Ambwene, na alipotaja kilima alikotoka, nikajua ni kilekile cha baba mkwe. Walichunga ng'ombe pamoja. Walipokuwa vijana, rika lao lilijenga vibanda vyake vya mianzi pembeni mwa kijiji, wakalala humo, wakala sufuria moja, kama ilivyokuwa desturi ya Wanyakyusa wakati ule. Kwa watu wa namna hiyo hakuna cha aibu kati yao. Alisukuma mlango ule bila hata kubisha hodi.

"Gwe! Ndiyo umelala hivi kama mgomba ulioangushwa na upepo? Na mguu wenyewe mbaya vilevile, kiharusi hakijauongezea kitu!"

Nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu mzee aje kwangu. Alikuwa anacheka. Kicheko cha upande mmoja, lakini kicheko.

Walikaa naye muda mrefu. Mzee Ambwene alipotoka alikuwa hacheki tena. Akanijia uani, akasema taratibu, "Mama, anakataa chakula kwa makusudi. Nimemwelewa. Akila, atachafua. Akichafua na Gwakisa hayupo, utaingia wewe. Kwa hiyo ameamua asile."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya jiko. Nilikuwa nimewaza dawa, nimewaza tumbo, nimewaza kumrudisha hospitali. Kumbe mtu alikuwa anajiua kwa njaa polepole, kwa adabu, nyumbani kwangu.

"Basi tumwogeshe sisi," akasema Mzee Hamadi. "Lete beseni."

Nikachemsha maji, nikatoa sabuni, taulo, mafuta na shuka safi, nikaviweka mlangoni. Wakaanza. Mwanangu, moyo wao ulikuwa mzuri, lakini mikono yao! Nilikuwa nje, chini ya dirisha la chumba kile, nikamsikia mgonjwa anaguna, na mmoja anasema, "Mvute kwa mkono huu, ndio mwepesi." Nikajua wameshika mkono uliokufa. Mkono huo ukiuvuta, bega linachomoka.

Nikageuza mgongo wangu dirishani nisimwone, nikapaza sauti.

"Msivute huo mkono! Mkunjieni goti la upande mbovu. Mmoja ashike bega, mwingine nyonga, mmgeuze kwa pamoja kama mnageuza mtungi uliojaa!"

Nikamsikia Mzee Ambwene: "Nani huyo anaongea ukutani?"

"Ni mkwe wake."

"Haya, Nesi wa Dirishani, endelea. Tumeshika nyonga. Nyonga ya huyu ni ngumu kama kichwa chake!"

Na hivyo ndivyo nilivyofundisha darasa langu bora kuliko yote niliyowahi kufundisha. Mvua inanyesha, nimewapa mgongo, macho yangu yanatazama mlima Loleza ulivyofunikwa na ukungu, na mdomo wangu unaongoza mikono ya wazee wanne. Niliwaambia wakague mgongo, visigino na nyonga kama kuna wekundu, ndipo vidonda vya kulala vinapoanzia. Niliwaambia wamwinue kichwa kabla ya kumlisha, uji upitie upande mzima wa kinywa, wangoje ameze. Stashahada yangu ilifanya kazi yake yote siku ile, kwa mikono isiyo yangu. Walipomaliza, Mzee Hamadi alitoka na bakuli, akaligeuza juu chini mbele yangu. Halikudondosha hata tone.

Tangu siku hiyo walipangana wenyewe. Gwakisa akisafiri, mmoja wao anakuja asubuhi, mwingine jioni. Na hawakuishia kwa mgonjwa. Mama Sekela na Bi Zuhura, mke wa Mzee Hamadi, wakaja siku moja wakaninyang'anya ufagio.

"Nenda kalale," akasema Bi Zuhura.

"Mchana huu? Nina wageni, nina nguo za kufua."

"Wageni ndio sisi, na nguo tunaziona. Kalale, mwanamke, macho yako yamekuwa kama ya bundi."

Nililala mpaka adhana ya jioni. Niliamka sijui niko Mbeya au Kalenga. Sikuwa nimejua nimechoka kiasi kile, mimi niliyekuwa naandika taarifa za uchovu wa watu wengine kule Uingereza. Baada ya hapo kila wiki walinipa nusu siku yangu, na nilijifunza kuipokea bila kujitetea.

Mzee aliishi nasi muda mzuri baada ya hapo. Alinenepa. Alibishana na Ambwene kuhusu ng'ombe waliokufa zamani. Na kuna asubuhi moja ya jua, nilikuwa naanika shuka zake karibu na dirisha, mgongo wangu kama kawaida, nikasikia ulimi wake mzito unatafuta maneno. Hakuwahi kuniambia neno tangu niolewe.

"Ndaga fijo," akasema. Ahsante sana. Akapumzika, akavuta pumzi, akaongeza kwa taabu, kwa Kiswahili ili mimi Mhehe nisikose kuelewa: "Usikose... mikono."

Sikugeuka. Nilishika shuka ile iliyolowa nikalia ndani yake. Alipofariki waliomwogesha mara ya mwisho ni walewale, nami nikasimama dirishani, ila siku hiyo hawakuhitaji maelekezo yangu.

Leo Gwakisa hayupo, Mzee Hamadi hayupo, na mimi ndiye ninayekwenda kibaraza cha kata kila Alhamisi na mkongojo wangu. Bado nafundisha vijana na wazee namna ya kumgeuza mgonjwa, na bado wananiita Nesi wa Dirishani. Jina hilo nalipenda kuliko lile lililoandikwa kwenye stashahada yangu, na stashahada yenyewe naipenda sana, iko sebuleni ndani ya kioo.

Basi mwanangu, ukipewa mzee wa kumtunza, usianze na dawa wala chakula. Anza kwa kujua anaona haya wapi na kwa nani, kisha umtafutie mtu ambaye mbele yake haoni haya. Mtafutie watu wa rika lake, wamtukane kidogo, acheke. Jirani akikuuliza hali, usimjibu tuko salama wakati bakuli linarudi limejaa. Kama mtaani kwenu kuna kikundi cha wazee, kiite mapema, na kama hakipo, tafuta kibaraza na siku ya kukutana, mengine yatakuja. Ulichosomea kitoe chote, hata kama itabidi ukitolee dirishani. Na ukiambiwa nenda kalale, nenda kalale.

Mimi nimekula mema mengi ya watu, na kinywa changu kina shukrani nyingi kuliko maneno niliyobaki nayo. Kwa hiyo nakupa lile nililopewa na mzee wangu asubuhi ile ya jua: popote utakapolala, ukiwa na nguvu au umeishiwa nazo, usikose mikono. Mungu akupe ya kukuinua, akupe na ya kuwainulia wengine.