Utenzi wa Babu Ulivyonipeleka Nzuguni

Nilitumwa na ukoo. Picha ilikuwa imefika kwenye simu ya Mzee Hamisi, mkubwa wetu hapa Kondoa: skrini pana kama mlango wa ghala, na juu yake mshororo wa utenzi wa marehemu babu yangu, ambao sisi huusoma kwenye kila arusi. Babu aliandika, "Mwana, mheshimu baba." Skrini ilisema, "Mwana, mheshimu mbuzi."

"Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili," Mzee Hamisi aliniambia, "na huyo Zuhura aliyeyafanya haya ni mpwa wako. Nenda ukaizime."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi la Dodoma. Nimestaafu, lakini hasira za darasani hazistaafu. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya kumkaripia binti. Tulipofika Mayamaya nikajisahau, nikasema kwa sauti, "Huna adabu hata kidogo!" Mama wa kiti cha pili, aliyekuwa akila yai la kuchemsha, akaacha kutafuna.

"Samahani, baba. Sikujua kama una njaa," akasema, akanikatia nusu.

Nikalila. 

Kabla ya saa tano nilikuwa Nzuguni, kwenye viwanja vya maonyesho vya Dodoma, mbele ya banda la bati lililojaa watu. Zuhura, ambaye anasomea kompyuta chuoni, akanikimbilia.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. Zima."

"Tazama kwanza, mjomba, halafu nitazima."

Kila mpita njia aliandika neno kwenye simu iliyofungwa mezani, na programu ya Zuhura ikalitafutia nafasi katika utenzi wa babu bila kuharibu mizani, yaani silabi nane kwa kila mshororo. Mtumishi mmoja wa serikali, kitambulisho shingoni, aliandika "bosi". Skrini ikajibu: "Mwana, mheshimu bosi." Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Kisha wakataka kusoma maneno ya babu yenyewe, wakayasoma yote, wakirudia penye uzito. Hasira yangu ikaanza kupoa bila ruhusa yangu.

"Na hii mishororo myekundu?" nikauliza.

"Hiyo imezidi mizani," Zuhura akasema. "Ajabu, mjomba, yote iko ukurasa mmoja. Kwingine kote babu hakukosea hata silabi."

Nikasoma. "Mjomba apewe paja zima." Silabi kumi. Mshororo huo niliufahamu.

Yule mtumishi akacheka. "Hapa mzee alisinzia!"

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimesafiri kutoka Kondoa ili babu asichekwe, na sasa alikuwa anachekwa kwa kosa langu.

"Hakusinzia!" nikapaza sauti. "Nilipokuwa nikinakili daftari lake, ukurasa huo ulikuwa umeliwa na mchwa. Nikaujaza mwenyewe. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nimeshapata wapwa."

Banda zima likanitazama. Zuhura akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

Kesho yake mchana nilikuwa nimerudi Kondoa, mbele ya wazee. Walipouliza kama nimeizima skrini, nikawaambia yote. Mzee Hamisi akaanza kuhesabu arusi kwa vidole.

"Kwa hiyo," akasema, "arusi zote hizo nimekula mbavu, nanyi wajomba mkila paja, kwa amri yako?"

"Ndiyo, mzee. Nisameheni. Nitaufuta."

"Nani kakwambia ufute?" Ilikuwa sauti ya shangazi yangu, Bi Mwanaidi, kutoka mkekani. "Watu wameshauzoea. Tunga na wa shangazi. Na safari hii uhesabu!"

Nimejifunza kwamba anayekwenda kulinda maneno ya wazee aanze kwa kukagua mwandiko wake mwenyewe. Jana nilikaa barazani, nikihesabu silabi kwa vidole, nikamsomea Bi Mwanaidi: "Shangazi apewe ini."

Akahesabu naye, polepole. Nane kamili.

"Na figo?" akauliza.