Bukta Isiyo na Tope

Mama anayefua jezi za timu huwajua wachezaji kwa uchafu wao. Kipa huchafua viwiko, mshambuliaji magoti, na mabeki humletea nusu ya uwanja. Isipokuwa yule beki kijana aliyesajiliwa msimu huu, mrefu, mpole, mwenye kuamkia kwa sauti ya chini, ambaye bukta yake nyeupe hurudi imekunjwa mara nne, haina hata doa. "Beki gani huyu hachafuki?" mama alimuuliza mtunza vifaa. "Kama anaogopa kuumia, msimu haumalizi." Udadisi ukamzidi, na Jumamosi akaiacha mashine ikizunguka, akaenda kusimama nyuma ya goli. Kijana hakukimbia sana. Alichungulia huku, akachungulia kule, akasogea hatua mbili, na mpira ukaja kumkuta pale pale, kama vile walikuwa wameahidiana. Ikawa hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Zilipobaki dakika chache, mshambuliaji wa wapinzani akampita, naye kijana akajitupa kwenye tope, akautoa mpira nje kwa ncha ya kiatu. Uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Timu ikashinda, wenzake wakambeba juu juu.

Baadaye alikuja kwenye chumba cha kufulia, bukta ameificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Shikamoo, mama. Naomba sabuni, hii nitaifua mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Kwani leo ina nini?"

Akalitazama lile tope.

"Leo nilichelewa hatua moja."