Mgongo wa Prefe

"Mapafu safi." Ndivyo nilivyoandika kwenye karatasi ya ekografi, kipimo cha picha za mawimbi ya sauti, nikatia sahihi, na maneno hayo mawili yakaninyima usingizi nyumbani kwetu Bagira. Mapafu safi, lakini mgonjwa hakuweza kumaliza sentensi bila kusimama avute pumzi. Yalikuwa safi kweli, au mimi ndiye niliyeogopa kuangalia?

Mgonjwa alikuwa prefe, mkuu wa shule yangu ya sekondari, yule aliyesimama mlangoni kila asubuhi kukagua kola zetu. Alikuwa katika siku ya saba ya homa na kikohozi. Mimi nilikuwa daktari wa miezi mitano. Nilimwomba afungue vifungo viwili vya shati. Viwili tu. Nikapitisha sonda, kile kifaa cha mkononi cha mashine, mbele ya kifua, kulia na kushoto, nikamshukuru. Mwalimu wako humwambii avue shati na kulala kifudifudi. Angalau mimi sikuweza.

Lakini nimonia ya virusi hupenda mgongo na pembezoni mwa pafu. Nilijua. Nilifaulu mtihani kwa jibu hilo hilo.

Daktari mkuu alisoma karatasi yangu, akakuna kidevu. Kama mapafu ni safi na oksijeni imeshuka, basi huenda damu imeganda ndani ya mshipa wa pafu, jambo ambalo sonda yetu hailioni. Skana inaliona: huonyesha kifua chote kipande kwa kipande, hadi ndani kabisa. Ila skana iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Kwenye vizuizi vya barabarani watu walisubiri nusu siku. Chupa ya oksijeni ya safari ilikuwa moja. Ikiisha, prefe angefia njiani. Hata hivyo daktari mkuu aliamua apelekwe kesho yake.

Nilipofika hospitali asubuhi, gari lilikuwa linanguruma uani. Mke wa prefe alikuwa anakunja blanketi.

"Dokta, asante sana," aliniambia. "Bila karatasi yako tungefikiri iko tu kikohozi."

Asante ile ilinichoma. Nikisema nimekosea, kumbe sikukosea, nitakuwa nimemzuia mtu mwenye damu iliyoganda. Nikinyamaza, kumbe nimekosea, namtuma bure kwenye vizuizi. Na je, akiwa na yote mawili? Ningeweza kuzunguka hivyo mpaka saa sita. Nikachukua sonda, nikaingia chumbani kwa prefe, mke wake akinifuata.

"Prefe, naomba uvue shati, ulale kifudifudi."

"Jana haukusema."

"Jana niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, Prefe."

Alicheka, kikohozi kikamkata. "Mutoto huyu! Miaka sita ya sekondari haikutosha? Maman, kuya unisaidie kuvua. Dokta iko na haya."

Chini ya bega la kushoto, utando wa pafu haukuwa laini tena. Ulikwaruzika, na mistari myeupe ilishuka kutoka hapo hadi chini ya skrini, imeshikana. Kulia hivyo hivyo, na vipande vidogo vilivyokwisha kuwa vigumu. Nikashuka hadi mapajani, nikaminya mishipa kwa sonda. Yote ilibonyea vizuri, ishara kwamba humo damu haikuganda. Wakati huo kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kilichokuwa themanini na nne, kilikuwa kinapanda. Kulala kifudifudi kulikuwa kunamsaidia.

Daktari mkuu alisimama mlangoni. "Mafuta yanaungua. Kuna nini?"

"Nilikosea. Jana sikupima mgongo. Ugonjwa uko huku."

"Na damu iliyoganda?"

"Siwezi kuapa kwamba haipo. Mishipa ya miguu ni mizuri. Lakini tunamtuma kwa sababu ya karatasi yangu, na karatasi yangu si ya kweli."

"Kwa hiyo unataka nini? Sema, usizunguke."

"Abaki. Alale hivi hivi, apewe oksijeni, nimpime mgongo kila asubuhi. Akizidi, ndipo aende."

Alichukua sonda mkononi mwangu, akapima mwenyewe, polepole, pande zote mbili. Kisha akanirudishia.

"Andika hivyo. Na neno 'nilikosea' usilisahau."

Niliandika. Nikatoka uani, nikamwambia dereva azime gari, nikaibeba chupa ya oksijeni begani na kuirudisha ndani.