Ulimi wa Kabula

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mwanzoni mwa miaka ya 1930, niliambiwa nimekula ulimi wa mdogo wangu, nami nikaamini. Kabula alikuwa ametimiza miaka mitatu bila kutamka neno. Aliponyoosha kidole, mimi ndiye niliyesema: anataka uji, anataka kubebwa. Sikukosea mara nyingi, na nilijivunia. Binamu zangu walinicheka: "Mtazameni mkalimani wa Bwana Shauri!" Ndivyo alivyoitwa mkuu wa wilaya, Mwingereza.

Bibi, mama yake baba, hakucheka. Kwetu, nje kidogo ya Shinyanga, aliamini kwamba anayemsemea mtoto humla ulimi, na usiporudishwa kabla ya mvua za kwanza mtoto hubaki bubu. "Masanja, rudisha ulimi wa watu," alisema, akaniwekea punje ya mtama chini ya ulimi. Nikiwa karibu na Kabula sikuruhusiwa kuitema wala kuimeza. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kila asubuhi nilitoka nje kuyahesabu.

Siku ya nne, mchana, Kabula alinivuta mkono akaonyesha kibuyu cha maji. Nilinyamaza. Akanipiga ngumi gotini, kisha akalia. Mama akainuka.

"Kaa chini, mayu," Bibi alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Atakufa kwa kiu ya dakika mbili?"

Kabula alitutazama mmoja mmoja. Hakuona wa kumsemea.

"Minzi," alisema. Maji, kwa Kisukuma, bila kigugumizi, kama mtu aliyelitumia neno hilo miaka mingi.

Mama alimwaga nusu ya maji akimnywesha. Mimi, kwa mshtuko, nilimeza punje, nikamkimbilia Bibi.

"Imekwenda, Bibi!"

"Iache iende, mkalimani. Umeachishwa kazi."

Chuoni, miaka mingi baadaye, nilisoma kwamba mtoto huelewa maneno mengi kabla ya kuyatamka. Bibi alikosea kuhusu ulimi. Kunihusu mimi hakukosea.

Marehemu mke wangu alicheka nilipomsimulia. Lakini wanetu walipokuwa wadogo, alishika kikombe mkononi na kusubiri waombe wenyewe, na nilipofungua kinywa kuwasaidia alinigusa mkono.

Tulipomzika, wanetu walisimama wote wanne, mmoja baada ya mwingine, wakamzungumzia mama yao. Hakuna aliyehitaji nimsemee, nikashukuru.