Bukta Ndefu za Timu ya Baghdadiyah

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewapa wanadamu nguo za kujistiri, kisha akawapa baadhi yao moyo wa kusitiri aibu za wenzao. Namshukuru kwa umri alionijaalia, na kwa pua yangu ambayo bado haijachoka, maana ndiyo iliyonirudisha huko ninakotaka kukupeleka.

Siku hizi naishi Riyadh kwa binti yangu. Jirani zetu wa mlango wa pili ni Wafilipino, na kila Ijumaa asubuhi mama wa nyumba ile hukaanga kiporo cha wali kwa vitunguu saumu vingi, na pembeni samaki wadogo wakavu. Harufu hupita chini ya mlango wetu bila kubisha hodi. Binti yangu hukimbilia kufungua madirisha. Mimi husogeza kiti karibu na mlango. Kwangu hiyo ni harufu ya mtaa wa Baghdadiyah, kule Jeddah, nilipokuwa na miaka minane na baba yangu alikuwa fundi cherehani.

Tulitoka Unguja nikiwa bado nabebwa. Mama alipika katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa na kurudi jioni, kwa hiyo nikitoka shule nilishinda dukani kwa baba, kati ya vumbi la chaki, mafuta ya mashine na moto wa pasi. Juu ya duka palikuwa na chumba cha wafanyakazi wa Kifilipino. Huko ndiko ilikoshuka ile harufu ya vitunguu saumu, pamoja na nyimbo, vicheko, na mpira wa kikapu uliodundwa juu ya vichwa vyetu mpaka pini za baba zikacheza mezani. Baba hakulalamika. Alisema watu walioacha watoto wao mbali wana haki ya kupiga kelele kidogo.

Mwaka ule baba aliumwa macho. Alipopona, wateja walikuwa wameshazoea mafundi wengine. Wachache waliobaki walileta vifungo na zipu tu. Kafili wetu, yule mwenyeji ambaye duka na ikama zetu, yaani vibali vya kuishi, vyote vilikuwa mikononi mwake, alikuja siku moja, akatazama rafu tupu, akasema kwa upole, "Salim, mwisho wa mwezi nitaangalia tena. Kama duka halina kazi, itabidi mrudi kwenu." Baba aliitikia kwa adabu, kisha akaifuta mashine ambayo haikuwa na vumbi.

Ndipo Kuya Nestor aliposhuka kutoka juu. Kuya ni neno lao la kumwita kaka mkubwa, na mimi nilimwita hivyo kama walivyomwita wenzake. Alikuwa fundi wa viyoyozi, mfupi, mwenye bega moja lililoinama kwa kubeba mashine za watu. Alitaka jezi kumi na bukta kumi. Timu kutoka Riyadh ilikuwa inakuja kucheza na timu yao, katika uwanja wa kambi ya kampuni alikofanya kazi, na kwa kanuni zao timu isiyo na sare hairuhusiwi kucheza; yao ya zamani, alisema, ilikuwa imechakaa. Ili baba asikosee, akamwachia bukta yake ya zamani, nyekundu na nyeusi, iwe kipimo.

Baba aliinyoosha juu ya meza, akaigeuza, akavua miwani, akaivaa tena. Wakati ule wachezaji walivaa bukta fupi mno, kidogo tu zaidi ya nguo ya ndani. "Masikini," akaniambia, "imerudi kwa kufuliwa, ikafupika." Hilo tu ndilo lililoingia akilini mwake. Baba alikuwa amesoma madrasa mpaka akawa anasomesha, na kwake stara ya mwanamume ilianzia kitovuni na kuishia chini ya goti. Hakuweza kuamini kwamba watu kumi wenye akili zao, wenye wake na watoto, walitaka kuruka mbele ya watu wakiwa vile.

Akashona siku nne. Kitambaa cha buluu kilipopungua, kwa sababu bukta zilikula zaidi ya alivyoambiwa, akaongezea chini utepe mweupe wa kanzu. Mimi nilichora namba kwa chaki naye akazikata. Kila nilipoharakisha alinirudisha nyuma: "Shona kama vile mwenye nguo ataivaa siku ya Idi."

Alhamisi alasiri wakaja wote kumi. Kuya Nestor akainua bukta ya kwanza. Ikateremka, ikaendelea kuteremka. Akaipima kiunoni, upindo ukapita magoti.

"Baba," akasema kwa Kiarabu chao cha kazini, "hii ndefu."

"Ile yako ilikuwa imerudi," baba akamjibu, kama daktari anayemtuliza mgonjwa. "Nimekurekebishia. Sasa rukeni mtakavyo, hapana atakayeona kitu."

Boyet, kijana wao mwenye mdomo usiotulia, akaipandisha yake mpaka kifuani, akasema kwa lugha yao maneno aliyokuja kunitafsiria baadaye: "Kuya, hii si bukta, hii ni suruali iliyokimbia mvua!"

Wakacheka, na baba akacheka nao, akidhani ni furaha. Kuya Nestor peke yake hakucheka. Alitazama rafu zetu, akatazama mikono ya baba iliyokuwa bado juu ya pasi, akakunja bukta yake taratibu. "Mafi mushkila, Baba. Halas. Hakuna tabu. Kazi nzuri."

Mimi nilikuwa mtoto, lakini nilimjua mtu aliyekata tamaa nikimwona. Nikajua wameharibikiwa, na aliyewaharibia ni baba. Wafilipino wa Jeddah walijuana wote, na wote wangekuwepo uwanjani Ijumaa, siku ya mchezo. Wakimcheka fundi wa Baghdadiyah, mwisho wa mwezi kafili angekuta rafu zile zile.

Sasa, watu hawa wana desturi. Timu yao haiingii uwanjani hivi hivi. Mbele hutangulia msichana aliyevaa vizuri, ameshika kibao cha jina la timu, na wachezaji humfuata kwa mstari. Mabinti wao walikuwa ng'ambo, kwa hiyo waliniomba mimi. Mama alinivisha gauni la Idi, la manjano, lenye mikono ya puto. Baba alivaa kanzu na kofia ya viua, akaketishwa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima.

Kabla ya kuingia nilitumwa nyuma ya benchi kuchukua kibao. Pale palikuwa na mfuko mkubwa wa nguo, zipu wazi, na ndani nikaona bukta fupi, nyekundu na nyeusi, zimefuliwa, zimekunjwa. Boyet alikuwa amechuchumaa kando yake, anamsihi Kuya Nestor kwa lugha yao. Kuya akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea kiti cha mbele, akasema maneno machache, akaufunga mfuko. Nikadhani ni nguo za kubadilisha baada ya kuoga, nikachukua kibao changu nikaenda.

Tukaingia. Nilisikia vicheko vikianza upande mmoja na kuzunguka uwanja mzima. Mtu wa timu ya Riyadh akapiga kelele, na Boyet nyuma yangu akamjibu, uwanja ukazidi kucheka. Baadaye alinitafsiria. Yule alisema, "Mapazia ya nani hayo? Mwenye nyumba anajua?" Naye akajibu, "Mwenye nyumba katutuma tuje kufunga yenu, yanaonyesha kila kitu!"

Nikaenda kusimama kando ya kiti cha baba.

"Wanacheka nini?" akaniuliza.

"Wamefurahi, baba."

Mungu anisamehe. Nikakigeuza kibao, jina la timu likatazama kiti.

Wakacheza. Nisingependa kukudanganya: timu yetu ilishindwa kwa pointi mbili. Lakini kabla ya mwisho, mchezaji mmoja wa Riyadh, jitu la mtu, mrefu kuliko wote, aliruka kuuwahi mpira, na wote tukasikia sauti ya kitambaa kikisalimu amri. Bukta yake fupi iliachana nyuma kutoka juu mpaka chini. Akatua ameshika nyuma kwa mikono yote miwili. Refa mwenyewe alikaa chini kwa kucheka.

Baba hakucheka. Alimwita kwa mkono, akamfunga shali yake kiunoni, akachomoa sindano yenye uzi aliyoihifadhi siku zote ndani ya kofia, akaishona bukta ile palepale huku mchezo ukimsubiri. Yule jitu alisimama mbele yake ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa. Baba alipomaliza, yule jitu akauvuta mshono kwa nguvu zake zote, haukusogea. Kisha akamgeukia Kuya Nestor, akashika ule utepe mweupe wa bukta yake, akaugeuza nje ndani.

"Nani kashona?" akauliza.

Kuya Nestor akaweka mkono juu ya bega la baba. "Fundi wetu."

Jumamosi, kabla ya basi lao kuondoka, yule jitu aliinama kupita mlango wa duka letu. Walitaka sare kumi na mbili. Baba akamuuliza urefu wa bukta. Akakuna kichwa. "Ndefu kidogo, Baba. Kidogo tu." Baada yao zikaja timu nyingine, na kafili alipokuja mwisho wa mwezi alikosa pa kukaa kwa vitambaa. Tulibaki Jeddah miaka kumi na mitano zaidi.

Baba alifariki akiamini kwamba ile bukta ya mfano ilikuwa imerudi kwa kufuliwa. Hapana aliyemwambia vinginevyo.

Jana mjukuu wangu alitoka kwenda kucheza na watoto wa jirani. Bukta yake ilipita magoti, kama wanavyovaa wote siku hizi, na hapana aliyemcheka. Nikacheka mimi, peke yangu, kisha nikaukumbuka ule mfuko nyuma ya benchi. Zile hazikuwa nguo za baada ya kuoga. Bukta zilikuwa kumi, zenye rangi za sare yao ya zamani. Zilikuwa sare halali, na wangeweza kubadilisha wakati wowote. Watu wale kumi, wageni kama sisi, wa dini nyingine na lugha nyingine, walikuwa na njia ya kuikimbia aibu, wakaifunga zipu kwa sababu ya mzee aliyevaa kofia ya viua na kukaa kiti cha mbele. Nami nilitangulia mbele yao na gauni la manjano, nikiona haya, wakati nilikuwa nimeongoza watu bora niliowahi kuwaona.

Mungu amlipe Kuya Nestor na wenzake popote walipo. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujaalie watu watakaovaa kazi ya mikono yako hata pale wanapoweza kuivua, nawe akufanye mmoja wao kwa mwenzako.